Kutoka mfupa wa Ishango hadi namba tasa ya tarakimu milioni 41

Mwezi Oktoba mwaka 2024 ilitangazwa nchini Marekani namba tasa kubwa kuliko zote zilizokuwa zimejulikana hadi siku hiyo. Ina tarakimu 41,024,320. Mtu akiamua kuisoma kwa sauti, tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, atamaliza baada ya karibu siku 475.

Mjini Brussels, Ubelgiji, katika Taasisi ya Sayansi za Asili, umehifadhiwa mfupa mdogo wenye urefu wa takriban sentimita 10. Ulifukuliwa mwaka 1950 huko Ishango, mashariki mwa Kongo, na una mikwaruzo ambayo ukiihesabu katika safu moja unapata 11, 13, 17 na 19. Hizo nazo ni namba tasa.

Kati ya mfupa huo na namba ile ya mwaka 2024 kuna zaidi ya miaka 20,000. Je, ni safari moja yenye mwanzo wake Afrika, au ni mambo mawili yaliyokutanishwa na bahati tu? Swali hilo si la wataalamu peke yao. Linagusa heshima ya bara zima, na pia linagusa siri za kila mwenye simu ya mkononi.

Wavuvi wa Semliki

Ishango ipo pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Virunga, karibu na mpaka wa Uganda. Aliyefukua mfupa huo ni Jean de Heinzelin, mwanajiolojia wa Kibelgiji, wakati Kongo ikiwa bado koloni la Ubelgiji.

Watu wa Ishango walikuwa wavuvi. Katika udongo uleule zilipatikana chusa za mfupa zilizochongwa meno kwa ustadi, pamoja na mabaki ya samaki na wanyama. Mfupa wenye mikwaruzo ulikuwa na kijiwe kigumu kilichochomekwa kwenye ncha, huenda kwa ajili ya kuchora au kuchanja.

De Heinzelin aliueleza ulimwengu habari hizo mwezi Juni mwaka 1962 katika jarida la Scientific American. Wakati huo alidhani mfupa ulikuwa na umri usiofika miaka 11,000. Vipimo vilivyofanywa miongo iliyofuata viliurudisha nyuma zaidi, hadi miaka 20,000 au zaidi.

Mikwaruzo imepangwa katika safu tatu. Ya kwanza ni hiyo ya 11, 13, 17 na 19. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Ya tatu ina makundi manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Safu mbili za kwanza kila moja ina jumla ya 60, na ya tatu ina jumla ya 48.

Tasa zinazozaa

Ili kuupima uzito wa jambo hili, ni lazima kwanza kueleza namba tasa ni nini. Kwa Kiswahili tasa ni kiumbe asiyezaa. Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1, na ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba 12 si tasa, kwa kuwa ni 3 mara 4. Lakini 13 ni tasa: ukiipanga katika safu zilizo sawa, ya pili, ya tatu, ya nne, daima kitabaki kitu.

Jina hilo lina kinaya. Namba hizi zinazoitwa tasa ndizo zinazozaa nyingine zote. Namba 60 ni 2 mara 2 mara 3 mara 5, na hakuna njia nyingine ya kuipata kwa kuzidisha namba tasa. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa yenyewe, ama ina ukoo mmoja tu wa tasa zilizoizaa.

Mizani ya ushahidi

Kati ya 10 na 20 kuna namba tasa nne tu, nazo ni 11, 13, 17 na 19. Safu ya kwanza ya Ishango inazo zote nne, na hakuna iliyozidi. Ni rahisi kuelewa kwa nini wengi walivutiwa, na kwa nini mfupa huo umetajwa mara nyingi kuwa ushahidi wa kwanza wa namba tasa duniani.

Hata hivyo ushahidi unapaswa kupimwa. Namba zote nane za safu mbili za kwanza ni witiri, yaani hazigawanyiki kwa 2. Sasa, witiri zilizopo kati ya 10 na 20 ni tano tu: 11, 13, 15, 17 na 19. Mtu akichagua nne kati ya hizo kwa sababu yoyote ile, anaacha moja. Akiacha 15 amepata namba tasa bila kukusudia. Ni nafasi moja kati ya tano, na nafasi ya namna hiyo si muujiza.

Tena safu ya pili ina 21 na 9, ambazo si tasa. Kinachozifanya safu hizo mbili zifanane ni mizani. Katika ya kwanza, 11 na 19 ni 30, na 13 na 17 pia ni 30. Katika ya pili, namba ni 10 na 20, kila moja ikiwa imeongezwa 1 na kupunguzwa 1. Katika safu ya tatu, 3 imefuatwa na 6, 4 imefuatwa na 8, na 10 imefuatwa na 5: kuzidisha kwa mbili na kugawanya nusu.

Alexander Marshack, mtafiti wa Kimarekani, alipendekeza mwaka 1972 kwamba mfupa ulikuwa kalenda ya mwezi, kwa kuwa 60 zinakaribia siku za miezi miandamo miwili na 48 ni mwezi mmoja na nusu hivi. Wapo wanaoona ni chombo cha kuhesabia. Wapo pia wanaosema mikwaruzo ilikuwa ya kuzuia mkono usiteleze.

Uamuzi wa haki, basi, ni huu. Mfupa wa Ishango hauthibitishi kwamba wavuvi wale walijua namba tasa, kwa sababu kuijua namba tasa kunadai kwanza kufikiri juu ya kugawanya na juu ya baki. Lakini unaonyesha, kwa uwezekano mkubwa, watu waliohesabu kwa utaratibu, waliopanga idadi kwa mizani, na walioona haja ya kuiandika. Hilo peke yake ni jambo kubwa. Kizuri chajiuza, na sifa ya kweli haihitaji kuongezwa chumvi.

Alexandria na Cairo

Anayetafuta mchango wa Afrika ulio wazi katika somo la namba tasa hana haja ya kubahatisha. Aende kaskazini, Misri, mjini Alexandria.

Huko, takriban miaka 300 kabla ya kuzaliwa Kristo, Euclid aliandika uthibitisho kwamba namba tasa hazina mwisho. Hoja yake ni fupi. Chukua namba tasa zote unazozijua, zizidishe pamoja, kisha ongeza 1. Namba inayopatikana haigawanyiki kwa yoyote kati ya zile ulizozijua, kwa kuwa kila moja inaacha baki ya 1. Kwa hiyo ama ni tasa mpya, ama imezaliwa na tasa usiyoijua.

Mfano ni 2 mara 3 mara 5 mara 7 mara 11 mara 13, kisha kuongeza 1. Jibu ni 30,031. Hii si tasa, ni 59 mara 509, lakini 59 na 509 zote ni tasa, na hazikuwamo katika orodha. Kila anayedhani amefika mwisho anasogezwa mbele.

Baadaye kidogo Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika nchi ambayo leo ni Libya na msimamizi wa maktaba ya Alexandria, alifundisha chekecheo lake. Andika namba kuanzia 2, futa kila kigawe cha 2, kisha cha 3, kisha cha 5, na kuendelea. Zinazosalia juu ya chekecheo ni tasa. Watoto wa shule wanalitumia hadi leo.

Miaka zaidi ya elfu moja ikapita. Mjini Cairo, mwanzoni mwa karne ya 11, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alitaja sifa ya kushangaza. Zidisha namba zote zilizo chini ya namba tasa fulani, kisha ongeza 1, na jibu litagawanyika kwa tasa hiyo. Kwa 5, hesabu ni 1 mara 2 mara 3 mara 4, yaani 24. Ongeza 1 upate 25, ambayo inagawanyika kwa 5. Kanuni hiyo inajulikana Ulaya kwa jina la Mwingereza John Wilson, aliyeishi zaidi ya miaka 700 baadaye.

Mtawa wa Paris

Njia ya kuelekea namba kubwa mno ilifunguliwa na familia moja maalumu. Zidisha 2 kwa yenyewe mara kadhaa, kisha toa 1. Ukichukua 2 kwa kipeo cha 3 unapata 8. Toa 1, inabaki 7, ambayo ni tasa. Kwa kipeo cha 5 unapata 31, tasa tena. Kipeo kisipokuwa tasa, jibu nalo haliwi tasa kamwe. Watu wengi wa zamani walidhani kinyume chake ni kweli pia, kwamba kipeo kikiwa tasa jibu litakuwa tasa.

Namba nne za Ishango zinatosha kuonyesha kosa hilo. Kwa kipeo cha 13 jibu ni 8,191, nayo ni tasa. Kwa 17 ni 131,071, tasa. Kwa 19 ni 524,287, tasa. Lakini kwa 11 jibu ni 2,047, na mwaka 1536 Hudalricus Regius alionyesha kwamba hiyo ni 23 mara 89. Moja kati ya nne imesaliti.

Pietro Cataldi wa Bologna, Italia, ndiye aliyethibitisha mwaka 1588 kwamba 524,287 ni tasa. Njia yake ilikuwa ya jasho: kugawanya kwa kila namba tasa hadi kufikia kipeuo cha pili cha namba hiyo, yaani tasa 128 zilizo chini ya 724, moja baada ya nyingine, kwa kalamu na karatasi.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne alitoa orodha ya vipeo ambavyo, kwa maoni yake, vinaleta tasa hadi kufikia 257. Alikosea mahali patano: aliingiza 67 na 257 zisizostahili, na aliziacha 61, 89 na 107. Hata hivyo familia hiyo yote ya namba ilipewa jina lake.

Kuyasahihisha makosa hayo kulichukua karne tatu. Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa amepofuka karibu kabisa, alithibitisha mwaka 1772 kwamba 2,147,483,647, yenye kipeo cha 31, ni tasa. Hakugawanya kwa tasa zote. Alijua kwamba kigawo chochote cha namba hizo ni lazima kiache baki ya 1 kikigawanywa kwa kipeo chenyewe. Ndivyo ilivyo kwa 23 na 89, ambazo zote zikigawanywa kwa 11 zinabakiza 1. Kwa ujuzi huo na mwingine wa aina hiyo, alibakiwa na majaribio yasiyofika 400.

Mwaka 1903, katika mkutano wa wanahisabati mjini New York, Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno. Upande mmoja alikokotoa 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1. Upande wa pili alizidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakawa sawasawa. Alirudi kukaa, na ukumbi ukampigia makofi. Orodha ya Mersenne ilikuwa imekosolewa mbele ya macho ya wote, na inasimuliwa kwamba kazi hiyo ilimgharimu Cole siku za Jumapili za miaka mitatu.

Kupima bila kugawanya

Namba zinapokuwa kubwa, kugawanya hakufai tena. Hapo ndipo zinapotumika sifa nyingine za tasa, zinazoziumbua namba bandia bila kutaja vigawo vyake.

Sifa mojawapo iliandikwa mwaka 1640 na Pierre de Fermat wa Ufaransa. Ukipandisha 2 kwa kipeo kilicho tasa, kisha ukatoa 2, jibu litagawanyika kwa kipeo hicho. Kwa 11, hesabu ni 2,048 kutoa 2, yaani 2,046, ambayo ni 11 mara 186. Namba inayoshindwa jaribio hili si tasa, basi. Lakini kufaulu hakutoshi: 341 inafaulu, na kumbe ni 11 mara 31. Ni sawa na mgeni mwenye hati nzuri lakini ya kughushi.

Kwa familia ya Mersenne kuna jaribio lisilodanganyika. Lilibuniwa na Mfaransa Edouard Lucas, na kukamilishwa mwaka 1930 na Mmarekani Derrick Lehmer. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, na uchukue baki baada ya kugawanya kwa namba inayopimwa. Rudia mara zilizopungua mbili kuliko kipeo. Kwa 31, yenye kipeo cha 5, hatua ni tatu: 4 inakuwa 14, 14 inakuwa 194, ambayo baki yake ni 8, 8 inakuwa 62, ambayo baki yake ni 0. Sifuri ikitokea mwishoni, namba ni tasa bila shaka yoyote.

Kwa mbinu zake Lucas alithibitisha mwaka 1876 namba yenye kipeo cha 127 na tarakimu 39, rekodi iliyodumu miaka 75. Kisha zikaja kompyuta. Usiku wa Januari 30 mwaka 1952, kompyuta iliyoitwa SWAC mjini Los Angeles, ikifuata programu ya Raphael Robinson, ilipata tasa mbili mpya zenye tarakimu 157 na 183. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imepata nyingine tatu.

Tangu mwaka 1996 kazi hiyo inafanywa na watu wa kujitolea duniani kote, chini ya mpango wa GIMPS ulioanzishwa na George Woltman. Namba ya mwaka 2024 ilipatikana na Luke Durant, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kampuni ya Nvidia. Aliunganisha kompyuta zilizotawanyika katika nchi 17. Kwanza jaribio la aina ya Fermat lilionyesha kuwa huenda ni tasa, kisha jaribio la Lucas na Lehmer likathibitisha. Kipeo chake ni 136,279,841.

Kufuli la siri

Kwa karne nyingi elimu hii ilionekana haina faida ya sokoni. G. H. Hardy wa Cambridge aliandika mwaka 1940 akijivunia kwamba kazi yake haikuwahi kumfaa wala kumdhuru mtu. Miaka 37 baadaye majivuno hayo yalibatilika.

Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wakiwa Massachusetts, walibuni kufuli la siri linalotegemea tofauti moja ndogo. Kuzidisha 13 kwa 17 ni rahisi, jibu ni 221. Kupewa 221 na kuulizwa imezaliwa na nani ni kazi kidogo zaidi. Tasa zikiwa na tarakimu mia tatu hivi kila moja, kuzidisha bado ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini kurudi nyuma kunashinda kompyuta zote zilizopo. Baadaye, mwaka 1997, ilifichuliwa kwamba Clifford Cocks wa idara ya mawasiliano ya siri ya Uingereza alikuwa amefikia wazo hilo mwaka 1973, akafungwa mdomo.

Watatu hao walitoa changamoto: namba ya tarakimu 129, na zawadi ya dola 100 kwa atakayepata vigawo vyake. Ilidhaniwa ingechukua mamilioni ya miaka. Ilivunjwa mwaka 1994, kwa juhudi za watu wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao. Mwaka 2020 ikavunjwa namba ya tarakimu 250. Ndiyo sababu makufuli ya leo ya aina hiyo hutumia namba za tarakimu 617 na zaidi.

Ikumbukwe kwamba tasa za Mersenne hazifai kwa kazi hiyo. Ufunguo unaojulikana na dunia nzima si ufunguo tena.

Namba iliyomo mkononi

Ipo tasa nyingine ambayo haifichwi, na bado inalinda siri. Ni 2 kwa kipeo cha 255, kisha kutoa 19. Ina tarakimu 77, inaanza na 57,896 na kuishia na 949. Ilichaguliwa mwaka 2005 na Mmarekani Daniel J. Bernstein, na tangu mwezi Aprili mwaka 2016 imo katika kila ujumbe wa WhatsApp.

Kwa nini iwe tasa? Tazama saa ya ukutani. Baada ya 12 tunarudi mwanzo. Katika saa hiyo 3 mara 4 inaleta 12, yaani sifuri: namba mbili zimezidishana zikapotea, na haiwezekani kurudi nyuma. Laiti saa ingekuwa na alama 13, jambo hilo lisingetokea kamwe, na kila namba isipokuwa sifuri ingeweza kugawanya nyingine. Saa ya Bernstein ina alama zenye idadi ya tarakimu 77, na hesabu zake zote zinarudi salama kwa sababu idadi hiyo ni tasa.

Na kwa nini 19? Kwa sababu namba hiyo ndiyo tasa kubwa kuliko zote zilizo chini ya 2 kwa kipeo cha 255. Kompyuta inapenda vipeo vya 2. Kila inapofikia 2 kwa kipeo cha 255 inaweka 19 badala yake na kuendelea, bila kugawanya. Hata simu ya bei nafuu inaweza kufanya hesabu hiyo.

Ina sifa nyingine ya zamani zaidi. Ukiigawanya kwa 4 inabakiza 1, kama 13 na 17. Tasa za aina hiyo huwa ni jumla ya vipeo viwili vya pili: 13 ni 9 na 4, 17 ni 16 na 1. Tasa zinazobakiza 3, kama 11 na 19, haziwezi kabisa. Fermat alilijua hilo, Euler akalithibitisha, na kanuni haijali kama namba ina tarakimu mbili au 77.

Tuseme dada yuko Smithfield, magharibi mwa jiji la Sydney, Australia, na kaka yake yuko Goma. Wanataka siri moja, lakini njia yote ina wasikilizaji. Ni kama kila mmoja kuwa na kiungo chake cha siri. Dada anakisaga chake pamoja na mdalasini unaojulikana na wote, anautuma mchanganyiko. Kaka anafanya vivyo hivyo. Kila mmoja akiongeza kiungo chake katika alichopokea, wote wawili wanapata unga wa aina moja. Aliyeko njiani ameona michanganyiko yote miwili, lakini viungo vikishasagwa havitenganishiki.

Mlinganisho huo una ukweli wa kihisabati. Wazo hilo lilichapishwa mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman, na kusaga kunafanywa ndani ya ile saa yenye idadi tasa ya alama.

Hatari iliyo mbele

Ulinzi huu hauna dhamana ya milele. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba kurudi nyuma hakuwezekani kwa njia ya haraka. Imeonekana tu kwamba hakuna aliyeweza. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya aina mpya, inayotumia kanuni za fizikia ya chembe ndogo mno, ikijengwa kwa ukubwa wa kutosha itayafungua makufuli yote mawili yaliyotajwa. Ujumbe unaonaswa na kuhifadhiwa leo unaweza kusomwa siku hiyo. Kwa mkimbizi, kwa mwandishi wa habari au kwa mgonjwa mwenye siri na daktari wake, hilo si jambo dogo.

Ndiyo maana mwezi Agosti mwaka 2024 taasisi ya viwango ya Marekani iliidhinisha mbinu mpya. Nazo hazikuziacha namba tasa. Mojawapo hufanya hesabu zake zote katika saa yenye alama 3,329, tasa ndogo iliyochaguliwa kwa sababu ukiipunguza 1 inagawanyika kwa 256, na jibu ni 13.

Wakati huohuo maswali mepesi kuuliza bado ni mazito kujibu. Mwaka 2004 Terence Tao, mzaliwa wa Adelaide, Australia, pamoja na Mwingereza Ben Green, walithibitisha kwamba kuna misururu ya tasa zilizoachana kwa hatua sawa, kama 5, 11, 17, 23 na 29, yenye urefu wowote utakaotajwa. Lilikuwa jambo kubwa, lakini jirani yake halijapata jibu.

Kundi la 11, 13, 17 na 19 lina ndugu zake. Namba 101, 103, 107 na 109 zote ni tasa, zimepangana kwa nafasi zilezile. Ndivyo zilivyo 191, 193, 197 na 199, kisha 821, 823, 827 na 829. Makundi ya namna hii yanazidi kuadimika kadiri namba zinavyokua. Je, yana mwisho? Kompyuta zinaendelea kuyapata mbali mno, na wanahisabati wengi wanaamini hayaishi. Lakini tangu Euclid hadi leo, hakuna aliyethibitisha, na uwanja uko wazi kwa yeyote, awe Cambridge, Kinshasa au katika kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edward.